Mkono wa Chini

Ungeniuliza mwezi mmoja uliopita ni kitu gani ninachokijua vizuri kuliko vyote duniani, ningekujibu bila haya: mikono ya Mayunga. Nisingesema hivyo mbele ya baba yangu, bila shaka. Lakini ukweli ni huo. Niliijua kabla hajaniambia kwamba ananipenda, kabla hata sijagundua kwamba akicheka hufunga jicho moja.

Niliijua kwa sababu ya kazi. Bwana Eustaki alipoligeuza ghala lake la mpunga pale Kisawasawa kuwa ukumbi wa kupanda ukuta, ili vijana wanaotaka kuongoza wageni kwenye miamba ya Udzungwa wajifunzie humo, aliniita mimi nimfungie kamera. Si kamera za kukamata wezi. Hizi zilikuwa za kulinda maisha ya watu. Niliifundisha kompyuta kutazama: mpandaji amefunga mkanda? Fundo liko sawa? Na yule aliyesimama chini akimshikia kamba, mkono wake wa chini, ule unaozuia kamba isikimbie, uko kwenye kamba au haupo? Ukiwa haupo, taa nyekundu inawaka na honi inalia mpaka mabati yanatetemeka.

Sasa, kompyuta haijui mkono ni nini mpaka uionyeshe. Nilipiga picha elfu nane, na kila moja nikaichorea kisanduku kuzunguka mkono na kuandika pembeni. Mkono upo. Mkono upo. Mkono haupo. Mayunga ndiye aliyekuwa mwalimu wa ukumbi, kwa hiyo picha nyingi zilikuwa zake. Miezi mitano nilikaa nikichora visanduku kuzunguka mikono ya mwanaume mmoja, kovu la kamba ya ng'ombe kwenye kidole gumba, kucha fupi, mshipa mmoja uliopanda mpaka kwenye kiwiko. Niambie ni mwanamke gani angetoka hapo salama.

Leo Alhamisi nilikwenda kumwona kwa mara ya mwisho.

Ukumbi umefungwa tangu mdogo wangu Festo alipoanguka. Ni wiki tatu sasa. Alianguka kutoka mita sita, chali, na daktari alipotoka kuzungumza nasi alisema maneno mengi, Mama akalishika moja tu: hatatembea. Kamba ya Festo siku ile ilikuwa mikononi mwa Mayunga.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Mayunga alikuwa anashusha kamba moja moja na kuzikunja, ili amkabidhi Bwana Eustaki vifaa vyake na funguo. Begi lake dogo lilikuwa tayari karibu na mlango.

"Hodi," nilisema.

Hakugeuka. "Karibu. Usipite chini ya kamba hiyo, sijaifungua yote."

Nikazunguka. Tulisimama tukatazamana, nami nikaona amekonda, mashavu yameingia ndani. Moyo wangu ulitaka kukimbia kwake, lakini miguu ilikuwa na akili zaidi, ikabaki pale pale.

"Umekula?" nikamuuliza. Ndiyo, hilo ndilo lililonitoka. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mazito.

"Nimekula."

"Uongo."

"Basi sijala." Akarudi kwenye kamba zake. "Umekuja kuchukua kompyuta?"

"Nimekuja kukuuliza kuhusu maelezo uliyomwandikia Bwana Eustaki."

"Kila kitu nimeandika mle."

"Umeandika kwamba ulizembea."

"Ndiyo."

"Umeandika kwamba uligeuka kutazama simu, mkono ukaacha kamba."

"Ndiyo, Herieth."

"Simu yako ilikuwa mezani kwangu, Mayunga. Uliniomba niiweke chaji asubuhi ile. Mimi mwenyewe ndiye niliyeichomoa jioni, ikiwa na damu ya Festo kwenye kioo kwa sababu ya mikono yangu."

Mikono yake ilisimama. Kamba ikabaki inaning'inia nusu imekunjwa, nusu chini.

"Jana Bwana Eustaki amenipa ufunguo wa chumba cha kompyuta," nikaendelea. "Anataka niandike kompyuta iliona nini, aje aisomee familia Jumamosi. Nimeiona video. Nimeiona yote."

Alikaa chini kwenye godoro la kuangukia, polepole, kama mzee. Nami nikakaa, lakini mbali kidogo.

Video yenyewe haina sauti. Ni saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, siku tuliyowaalika wazazi wangu waje kuona kazi za watoto wao. Mimi sionekani, kwa sababu nilikuwa nje barabarani nampokea Mama, aliyekuwa anahangaika kufungua kwenye bodaboda kiroba cha mchele na jogoo aliokuja nao kutoka kijijini kwetu Mchombe. Ndani wako wawili tu. Festo yuko juu ukutani, ametupa mgongo. Mayunga yuko chini, kamba kiunoni, mkono wa kulia umeshika chini panapotakiwa. Halafu mlango unafunguliwa na anaingia baba yangu, Mzee Melkiori, amevaa koti lake la kanisani.

Lazima nikueleze kuhusu baba yangu na Mayunga, maana bila hilo hutaelewa. Kwa miaka miwili Baba hakuwahi kuipokea salamu ya Mayunga. Zamani ng'ombe waliingia kwenye shamba letu la Mchombe mpunga ukiwa umeanza kuiva, wakamaliza. Hawakuwa ng'ombe wa kina Mayunga, nyumba yao iko upande mwingine kabisa wa bonde. Nilipomwambia Baba hivyo alinijibu: "Ng'ombe wote wa Wasukuma ni ng'ombe mmoja." Mayunga akimkuta Baba njiani, anainama, "Shikamoo, mzee." Baba anatazama mashamba. Akimkuta kwenye msiba, "Shikamoo, mzee." Baba anakohoa. Shikamoo ya mtu ikae hewani miaka miwili bila marahaba, hata jiwe lingeona aibu.

Kwenye video, Mayunga anainamisha kichwa. Midomo yake inatikisika na ninajua inasema nini. Baba anasimama. Anatazama juu, anamwona mwanawe, anatazama chini. Halafu baba yangu ananyoosha mkono.

Ananyoosha mkono wa kulia na kuuacha hapo.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza Mayunga.

"Niseme nini? Kwamba mzee alinisalimia?"

"Ndiyo! Useme hivyo hivyo!"

"Halafu?"



Aliokota mchanga kidogo sakafuni, akauachia upite kati ya vidole. "Usidhani nilisahau kamba," alisema. "Watu watafikiri nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Nilijua iko mkononi. Nilimtazama Festo, nikaona amekanyaga kile kishikio kikubwa cha kijani, amepumzika. Nikasema moyoni, sekunde moja. Sekunde moja tu, halafu narudisha. Miaka miwili namngoja mzee huyu, Herieth. Nimwambie, subiri kwanza?"

"Ungempa wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa hauna kazi."

Akaniinulia macho. "Wewe ungempa?"

Niliutazama mkono wangu wa kushoto.

"Baba wa mwanamke ninayetaka kumwoa," akasema, "siku ya kwanza kunipa mkono, mimi nimpe wa kushoto. Angeurudisha wake mfukoni, na mpaka nakufa nisingeuona tena. Kwetu mtu mzima akikupa mkono unampa wa kulia, na wa kushoto unashika kiwiko, na magoti yanainama. Hufikirii. Mwili unafanya wenyewe."

Ndivyo ilivyo kwenye video. Mkono wa kulia unaacha kamba. Wa kushoto unakwenda kwenye kiwiko. Magoti yanainama. Baba na Mayunga wanashikana mikono, na kwa muda mfupi kabisa, naapa, baba yangu anatabasamu. Pembeni ya picha ile taa yangu nyekundu imeshawaka. Wakati huo huo mguu wa Festo unateleza kwenye kile kishikio cha kijani.

Ukutani nyuma ya Mayunga maneno yake mwenyewe yalikuwa bado yanasomeka, ameyaandika kwa rangi nyekundu siku ukumbi ulipofunguliwa. Mkono wa juu unaweza kukuna pua, unaweza kufukuza nzi. Mkono wa chini haumjui mtu. Wanafunzi waliyaimba mpaka wakayachoka.

"Kitu kimoja sikielewi," alisema. "Honi. Mpaka leo nalala najiuliza. Honi ingelia ningeshtuka, ningeirudia kamba. Umeme ulikatika?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Lakini nilikuwa nimekuja kwa ajili ya hilo pia.

"Niliizima mimi."

Aligeuka kunitazama.

"Asubuhi ile. Unajua ilivyokuwa inakulilia ovyo, ukibadilisha mkono tu inapiga kelele. Nikasema leo Baba anakuja. Sikutaka akuone unapigiwa honi, aseme huyu kazi yenyewe hajui. Nikaacha taa peke yake. Nilitaka... Nilitaka akuone vizuri, Mayunga. Akuone mara moja tu vizuri."

Machozi yalinimwagika na sikuyafuta. Nilingoja anipigie kelele, na ningeshukuru, wallahi ningeshukuru. Kumbe yeye alikuwa anaitazama ile taa pale juu, imezimwa, ina vumbi.

"Kwa hiyo iliona," alisema.

"Iliona. Iliwahi kabisa. Mashine yangu haikukosea."

"Basi tuko watatu," akasema taratibu. "Mimi, wewe na mzee. Na wote tulikuwa tunatafuta kitu kimoja."

Upepo ulipita ukatikisa kamba moja iliyobaki. Nikamsogelea. Nilimwambia yale niliyoyafikiria usiku kucha: kwamba nitamwonyesha Baba video, nitamweleza kuhusu honi, kila mtu abebe lake, na aibu ikishagawanywa itakuwa nyepesi. Nilisema haraka haraka, kama muuzaji anayeona mteja anaondoka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Usimwonyeshe," alisema.

"Mayunga..."

"Mzee ana mtoto mmoja wa kiume. Yuko kitandani, wanamgeuza kama gunia. Sasa wewe umpelekee picha, umwambie, tazama, Baba, mkono wako ndio ulioita mkono uliokuwa unamshika mwanao. Ataishi vipi? Utakuwa na wagonjwa wawili, Herieth."

"Na wewe utaishi vipi?"

"Mimi ndiye niliyeshika kamba. Mzee hajui sheria za kamba. Mimi nazijua, nilizitunga mwenyewe. Kosa likikaa kwangu limekaa nyumbani kwake."

"Festo anadhani ulimwachia tu. Kila siku ananiuliza kwa nini hujaenda kumwona."

Hilo lilimpata. Alifunga macho. "Nimekwenda mara nne," alisema. "Mzee ananizuia kwenye geti la hospitali. Hasemi kitu. Anasimama tu, mkono mfukoni, mpaka naondoka."

"Basi twende wote," nikasema. "Popote unapokwenda. Twende."

"Nakwenda Maswa, kwa kaka yangu, kuchunga. Utachunga?"

"Nitachunga."

"Na Festo atageuzwa na nani? Mama yako mgongo wenyewe hana." Alinitazama kwa upole uliouma kuliko tusi. "Na hata tukienda. Kila nikikushika mkono nitaiona ile taa. Na wewe utaiona. Tutajificha wapi humo ndani ya nyumba?"

Ningekuwa naongopa ningesema si kweli. Lakini hata pale, nikiwa nimekaa nusu hatua kutoka kwake, nilikuwa naitazama mikono yake juu ya magoti na kichwa changu kinachora kisanduku. Mkono upo. Mkono haupo.

Alisimama, akaweka funguo juu ya meza, akachukua begi. Mlangoni alisita. Nilidhani atanipa mkono, nami nikaogopa, na nadhani aliiona ile hofu usoni mwangu, kwa sababu aliupeleka ule mkono kwenye mkanda wa begi na kuushikilia huko.

Zamani alinifundisha salamu za kwao. Asubuhi ni mwangaluka, mchana ni mwadila, na mimi kila siku nilikuwa naziparaganya makusudi ili anicheke. Saa ilikuwa nane mchana.

"Mwangaluka," nikamwambia.

Hakunirekebisha. "Mwangaluka, Herieth," alisema, akatoka, akafuata njia inayokwenda barabara kubwa kusubiri basi la Morogoro.

Nilimtazama mpaka shati lake likawa dogo kati ya mashina ya mitiki. Hakugeuka, na sikumwita.

Saa kumi nilikuwa hospitali Ifakara. Ni saa ya kuona wagonjwa, akina mama wamejaa kwenye varanda na vyombo vyao vya chakula. Mama yangu, Rosa, alikuwa amewahi, anampepea Festo kwa kipande cha boksi.

"Umechelewa," alisema. "Baba yako yuko kwenye benchi huko nje, hataki kuingia. Mkono wake unamsumbua bado. Nimeuchua kwa mafuta, nimeukanda kwa maji ya moto, wala haujavimba. Jumapili padri amemnyooshea mkono wa amani ya Kristo, yeye kainamisha kichwa tu. Mpaka nikaona aibu."

"Unamuuma tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nadhani uliteguka alipokuwa anamwinua huyu." Akaendelea kupepea.

Festo aligeuza kichwa. Ana miaka ishirini na tatu na alikuwa na miguu mizuri kuliko kijana yeyote wa Mchombe, alipanda minazi na miembe na paa la kanisa kabla hajajua kuna watu wanaofundisha kupanda. Sasa miguu ile ilikuwa imelala chini ya shuka kama ya mtu mwingine.

"Dada. Umetoka Kisawasawa?"

"Ndiyo."

"Mashine iliona nini?"

Mama aliacha kupepea.

"Iliona mkono umeacha kamba," nikasema.

"Hilo hata mgongo wangu unalijua," akasema Festo, akajaribu kucheka. "Nauliza kwa nini. Jamaa hajawahi kuniachia, dada. Hata mara moja. Alikuwa akipiga chafya anashika kwa nguvu zaidi. Niambie alikuwa anafanya nini, nielewe tu. Nikielewa nitalala."

Nilimtazama mdogo wangu na jibu lilikuwa mdomoni. Alikuwa anamsalimia Baba. Maneno matatu. Mama alikuwa ananitazama pia, macho yamemtoka, anasubiri mtu wa kumlaani.

"Video haionyeshi vizuri," nikasema. Mungu anisamehe, nilisema hivyo. Festo akageuza uso wake ukutani.

Nilitoka nje. Baba alikuwa amekaa peke yake mwisho wa benchi, koti limefungwa vifungo vyote kwenye joto lile la Ifakara linaloweza kupika yai. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni.

"Shikamoo, Baba." Nikamnyooshea mkono.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Mkono wangu ulibaki hewani, nikaurudisha. Nikakaa.

"Eustaki anakuja Jumamosi," alisema akitazama uwanja. "Amesema atasoma uliyoandika. Hiyo mashine yako inaona kila kitu?"

"Inaona, Baba."

"Hata mtu anayeingia mlangoni?"

"Hata huyo."

"Kwa hiyo iliona nini?"

"Iliona mkono wa chini umeacha kamba."

"Mkono wa nani?"

Aliuliza kwa sauti ndogo sana, na hapo nikaelewa. Mkono haukuwa umeteguka. Padri, Mayunga getini, mimi sasa hivi. Kumbe mzee huyu hakuhitaji video yoyote. Wiki tatu nzima alikuwa ameuficha mkono ule kama kitu cha wizi.

"Baba. Unajua."

Aliuzamisha mkono zaidi mfukoni.

"Mayunga ameandika kwamba alikuwa anatazama simu," nikasema. "Ameandika hivyo kwa ajili yako. Leo amenisihi nisikuonyeshe. Ameondoka, Baba. Anakwenda Maswa."

"Amekwisha kuondoka?"

"Saa nane."

"Nilifikiri atakuja tena," Baba alisema. "Mara nne nilimzuia. Kila mara nilisema, akija tena nitamwambia. Akija, mdomo unakataa." Alivuta pumzi. "Siku ile nilikwenda kumwambia alete mshenga."

Sikumwelewa kwanza. Nilimwuliza alete nini.

"Mshenga. Mama yako alikuwa amenisema mwaka mzima. Na Festo kila siku, Mayunga hivi, Mayunga vile. Nikasema basi, mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikatangulia kuingia mbele yenu makusudi, nimwambie kiume, tukiwa wawili. Nikampa mkono kwanza. Sikujua zile kamba, Herieth. Ningejua vipi?"

Jamani, niliwahi kusikia watu wakisema moyo umepasuka, nikidhani ni maneno ya nyimbo. Nilishika ukingo wa benchi. Nilimhurumia baba yangu, nikamchukia, nikamhurumia tena. Kitu nilichokililia miaka miwili kilikuwa kimekuja kwa miguu yake mpaka ndani ya ukumbi, na ndicho kilichotumaliza.

"Twende tukawaambie," nikasema. "Sasa hivi. Nitampigia simu ashuke njiani. Na mimi nina langu, Baba, honi ile niliizima mimi..."

"Nyamaza." Alinishika goti kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Usiliseme hilo mbele ya mama yako. Kamwe. Yule mama analala kwa sababu ana mtu mmoja wa kumlaani, na mtu huyo hayupo. Ukimwambia ni mume wake na binti yake, atakula na nani? Atamgeuza Festo na nani?"

"Na Mayunga?"

Ndani nilimsikia Mama anaita kwamba chakula tayari.

"Mayunga ni kijana mwema," Baba alisema hatimaye. "Andika alivyoandika."

Nilikuwa na simu mkononi. Namba yake ilikuwa pale, basi lingekuwa halijafika hata Mikumi. Nilibonyeza, ikaita, ikaita, ikakatwa. Nikabonyeza tena, nikaambiwa haipatikani.

Mama alitoka na sahani ya wali na kambale, akaiweka kwenye benchi, akanikabidhi jagi na beseni. "Mnawishe baba yako," alisema. "Tangu asubuhi hajatia kitu tumboni."

Nikapiga magoti mbele yake, nikaweka beseni, nikainua jagi. Nilingoja. Baba alitazama maji, akatazama sahani. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto peke yake.

"Baba Herieth!" Mama alishtuka, akatazama huku na huku kama kuna waliotuona. "Wa kushoto? Utakula kwa mkono wa kushoto mbele za watu? Toa wa kulia anawishe!"

"Huo uache," alisema Baba.

Macho yetu yakakutana juu ya beseni. Nikainamisha jagi, nikamnawisha wa kushoto.